Walikuja Kuchukua Ng'ombe, Nikawapa Maneno

Mpendwa Mama Mayala, shikamoo. Huwa nasoma safu yako kila Jumapili na kucheka matatizo ya wenzangu, leo zamu yangu imefika na sina wa kumweleza zaidi yako, maana nyumbani hawataki hata kusikia habari za hicho kitabu, na ninakuomba usome mpaka mwisho kabla hujaniita mwendawazimu kama walivyoniita wajomba zangu.

Mimi ni kijana wa miaka ishirini na sita, kwetu ni jirani na Bujora, ila kazi naifanya mjini, Nyamagana, kwenye duka la vipuri la Bwana Shamshudin, ambaye mwaka juzi, biashara ilipofunguka na mizigo ikaanza kumiminika kutoka nje, alinunua kompyuta akaiweka mezani ofisini na kuifunika kitambaa cha kudarizi, na kwa muda mrefu kazi ya mashine ile ilikuwa kufunikwa na kufunuliwa tu. Binti yake, Ishrat, anasoma chuo ng'ambo, na alipokuja likizo akanikuta naikodolea macho, akaniachia kitabu chake cha mwaka wa kwanza kinachofundisha kutunga programu, akasema yeye kwake kimekwisha, nami kama nakiweza nikisome. Mama Mayala, kitabu hicho kimenishika kama homa.

Kinasema hivi, na mfano wa ng'ombe ni wangu, chenyewe kinatumia magari na akaunti za benki. Ukitaka kompyuta imjue ng'ombe, unaandika mara moja tu ng'ombe ana nini na anaweza kufanya nini, kwamba ana rangi, ana umri, anakula, anakamuliwa, anazaa, na maandishi hayo yenyewe si ng'ombe, hayana hata kwato, ni maelezo ya aina basi. Kisha unaamuru, na ng'ombe anatokea, unaamuru tena anatokea mwingine, kila mmoja na rangi yake na umri wake, na ukimwambia huyu atoe maziwa yule wa pembeni hashtuki. Tena vya ndani ya kitu ni vyake mwenyewe, huruhusiwi kuingiza mkono ukachukua, unakiuliza nacho kinakujibu.

Siku nilipoelewa hayo nilikuwa nimetumwa Sengerema kupeleka boksi la vipuri, niko kwenye kivuko cha Kigongo na kitabu mkononi, nikainua uso nikawaona abiria wote waliosimama pale, akina mama na matenga yao ya dagaa, mchungaji na baiskeli yake, askari anayesinzia, nikaona kwamba Mungu alisema "mtu" mara moja tu na sisi sote tukatoka humo, na bado hakuna anayejua njaa ya mwenzake mpaka amuulize. Kivuko kikafika Busisi, watu wakashuka, mimi nikasahau kushuka, nikarudi nacho Kigongo pamoja na boksi la tajiri.

Bwana Shamshudin alinigombeza, lakini kisha akanikubalia niitumie mashine Jumamosi mchana duka likifungwa, maana kabla ya hapo programu zangu nilikuwa naziandika kwenye karatasi za kufungia vipuri. Jumamosi ya kwanza mashine ilinikatalia mpaka jioni, iliyofuata ikakubali, ng'ombe wangu wakajitaja kwenye kioo mmoja baada ya mwingine, na tajiri aliyekuwa mlangoni ameshika funguo akaniambia nimwonyeshe tena.

Sasa sikiliza balaa. Wiki mbili baada ya hapo wakwe zangu walikuja kwetu kukagua na kuchukua ng'ombe wa mahari. Baba mkwe ni Mzee Yakobo, mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa maneno machache. Desturi yetu unaijua, bwana harusi hakai mbele akapiga domo, msemaji wetu alikuwa mjomba Chenge, na mambo yalikwenda vizuri mpaka alipotolewa ng'ombe wa mwisho, mwekundu mwenye baka jeupe usoni, anaitwa Sikudhani. Huyo ni wa mama. Mama yake alikufa akimzaa, na mama yangu akamlea ndani ya jiko kwa maziwa ya chupa ya soda, na jina akampa kwa sababu hakudhani angefika asubuhi. Kumtoa huyo katika mahari yangu ilikuwa ni mama kunitolea moyo wake. Mzee Yakobo akamtazama, akanigeukia mimi mwenyewe, akasema, "Hebu tueleze huyu ng'ombe."

Nami kichwa kilikuwa kimejaa kitabu, nikadhani saa yangu imefika ya kuwaonyesha wazee maajabu niliyoyaona mimi. Nikasimama nikawaambia kwamba ng'ombe ni kitu chenye rangi, umri na uzito, kinachoweza kula, kukamuliwa na kuzaa, na huyu aliyeko mbele yetu ni mmoja tu wa vitu vya aina hiyo. Nilieleza kwa kirefu, na kwa furaha. Nilipomaliza, mama alikuwa amejifunika uso kwa khanga.

Mzee Yakobo akasema, "Kijana, sisi tumekuja kuchukua ng'ombe. Maneno ya ng'ombe tulikuwa nayo nyumbani." Wakaondoka mikono mitupu. Kesho yake ukaja ujumbe kwamba nikiacha hicho kitabu kabla ya Pasaka watarudi, nisipoacha binti yao atabaki kwao. Na mchumba wangu naye akamtuma dada yake aniulize neno moja: kama ng'ombe nimemweleza vile, je, yeye ningemwelezaje? Sijamjibu mpaka leo, kila nikijaribu inatoka orodha ya macho na mikono na kazi anazoziweza, na nadhani ameshanikatia tamaa, nadhani anaona nimerogwa. Nampenda mchumba wangu, na kitabu nimefika katikati, mbele yake kuna mambo nikiyachungulia tu moyo unanienda mbio. Niache kipi?

Wako,
Malimi, Nyamagana

MAMA MAYALA ANAJIBU

Malimi, marahaba. Nimesoma mpaka mwisho kama ulivyoomba, na mwendawazimu sikuiti. Mpumbavu kidogo, ndiyo, lakini upumbavu huo una dawa.

Kwanza nikupe haki yako. Nilipofika pale kivukoni niliweka barua yako chini, nikatoka uani. Mimi nimezaa mapacha. Niliwavisha nguo za kufanana, nikawanyonyesha maziwa yale yale, nikawatandikia kitanda kimoja, na tangu wachanga huyu analala taa ikizimwa na yule analia. Miaka yote hiyo nimewaita "mapacha" kwa mdomo mmoja, na jana niliwatazama wakimenya mihogo nikaona ajabu niliyoishi nayo bila kuiona. Nilisimama pale mpaka wakaniuliza kama naumwa. Kwa hiyo kitabu chako sikitukani. Wanaosema umerogwa, waambie nimesema mimi kwamba mtu aliyesahau kushuka kivukoni kwa sababu amewaona binadamu wenzake hajarogwa.

Sasa unyamaze nikwambie. Unadhani wakwe zako wamekasirikia kitabu? Mzee Yakobo amefundisha maisha yake yote, vitabu havimtishi. Alikuuliza habari za ng'ombe mmoja, mwenye baka jeupe, aliyelelewa jikoni, na mama aliyemlea amesimama hapo hapo anasubiri kusikia mwanawe atasema nini. Wewe ukamsomea maelezo ya aina. Umeniandikia kwa mkono wako kwamba maelezo hayana kwato, halafu ukataka kuyatoa mahari! Kile Mzee alichokujibu ndicho kinachofundishwa na kitabu chako tangu ukurasa wa mwanzo, na wewe unayekisoma hukukisikia kilipotamkwa zizini kwenu. Na mama yako amejifunika uso, nawe katika barua nzima hujaniambia kama umemwomba radhi. Aibu.

Haya, fanya hivi. Leo hii, ukimaliza kusoma gazeti, nenda kwa mama yako, piga magoti, sema nisamehe, na usiongeze maelezo. Kisha mjomba Chenge atangulie kwa Mzee Yakobo kuomba waje tena. Wakija, Sikudhani atolewe wa kwanza, na habari zake azieleze mama yako. Desturi haimpi nafasi hiyo, najua. Mjomba amwombee ruhusa, na Mzee aliyeuliza kwa nia ya kujua hatakataa kusikia. Wewe shika kamba na ufunge mdomo mpaka uulizwe.

Kitabu usikiache. Mwambie Mzee Yakobo hivyo kwa heshima, macho chini lakini sauti isitetemeke, na Jumamosi moja umkaribishe dukani aone. Mwalimu mkuu akiona kitu kinafundishika, hasira itakwisha yenyewe. Ila ukitumwa Sengerema, kitabu kibaki dukani. Boksi la watu lifike.

Limebaki la mchumba wako, na hili ndilo limenichoma. Unaandika "nadhani ameshanikatia tamaa, nadhani anaona nimerogwa." Unadhani! Kwani kitabu hakikukuambia kwamba ya ndani ya kitu huyapati kwa kuingiza mkono, unakiuliza kikakujibu? Kompyuta umeitendea adabu hiyo. Yeye amekutumia swali, nawe umekaa kimya unamkadiria kwa mbali. Usimpelekee orodha. Nenda mwenyewe, kaa naye, muulize analala vipi siku hizi.

Na kabla hujaenda, isome upya barua yako uliyoniandikia mimi. Humo nimemjua tajiri wako, Shamshudin, na binti yake, Ishrat. Namjua Mzee Yakobo, namjua mjomba Chenge, mpaka ng'ombe namjua, anaitwa Sikudhani, na najua kwa nini.

Mchumba wako, Malimi, anaitwa nani? Nimetafuta mstari kwa mstari, sikuliona jina lake. Ukifika mlangoni kwao, anza na hilo.