Ramani ya Filipo

Dina, pokea simu basi!

Kaka yangu Filipo katuua. Si unaikumbuka ile ramani aliyoiweka mtandaoni, ili vijana wa ukoo wasisahau mababu walikozikwa? Kumbe kaandika kwamba baba yake babu alizikwa na bangili ya dhahabu! Kaandika hivyo, Dina, huku Sekenke kwenye machimbo ya dhahabu!

Wachimbaji wameifuata ramani mpaka kaburini. Wamefukua, mifupa wameitupa kwenye matuta ya viazi.

Babu hakumtukana Filipo. Bora angemtukana! Kamtazama tu akiokota mifupa, anaiweka kwenye shati lake.

Halafu kamwambia, "Mjukuu wangu, hebu nionyeshe kwenye simu kaburi la baba lilivyokuwa."

Filipo kapekua simu weee. Hana picha hata moja, Dina. Aliweka njia ya kufika tu.