Birika la Mlangoni pa Hekalu

Bungu, Jumatano, baada ya Isha

Nimechoka kuulizwa habari za Japani. Miaka yote niliyochochea makaa kwenye meli ya Waingereza hakuna anayeitaka. Wanataka mahekalu ya ule mji mkuu wa zamani tu.

Leo barazani nimewaeleza. Mlangoni palikuwa na birika la mawe, watu wananawa mikono, mbele wanavua viatu. Nami kwa mazoea nikatia udhu, miguu nikaitumbukiza humo humo. Mtawa mzee akaja na kitambaa, kisha akanionyesha bustani yao: mchanga mtupu, umepigwa reki kama uwanja wa mama siku ya Idi.

Wote walicheka, isipokuwa Mzee Shomari, ambaye nimemposa binti yake.

“Kwa hiyo uliingia nyumba ya masanamu.”

“Niliingia, mzee. Kutazama tu.”

Kaondoka bila kuaga. Sijui kama posa bado ipo.

Mama ananilaumu: ningekana, nani angejua?

Labda. Ila lile la kitambaa sikulimaliza. Yule mtawa, niliyemchafulia maji yake, aliinama akanifuta miguu mwenyewe. Sasa nikane vipi kwamba nilifika kwake?