Goti la Mzee Viktor

Jumanne jioni, Schaerbeek

Na maua akaleta! Hilo ndilo linalonichefua mpaka sasa.

Mzee Viktor, Mrusi ninayemhudumia nyumbani kwake, mtaa wa Koekelberg, alikuwa beki wa hoki ya barafuni. Goti likivimba, daktari wa timu alimchoma sindano ya ganzi, akarudi kucheza. Miaka mingi hivyo hivyo. Sasa goti halikunjiki, na soksi namvisha mimi.

Leo daktari huyohuyo kaja kumtembelea. Wakakumbatiana, wakabusiana mashavuni. Kisha akaligongagonga lile goti kama anayechagua tikiti maji sokoni, akacheka: “Tulilitumia vizuri, siyo?”

Chai nilimtengea, lakini karibu nisimtengee.

Alipoondoka nikashindwa kujizuia. “Mzee, mtu huyu ndiye aliyekulemaza. Unambusu wa nini?”

Hakukasirika. Aliendelea kuyapanga yale maua kwenye jagi la maji.

“Madamu Rehema, uwanja mzima ulikuwa unaimba jina langu. Wewe unakuja hapa mwaka wa tatu. Umemwona nani mwingine?”

Nikainama, nikamvua soksi.