Doa Jeusi kwenye Mto wa Baba Mkwe

Mpendwa mshauri, shikamoo, naomba msaada wako upesi kwa sababu siku hizi nalala kwenye kochi miguu ikining'inia, kitandani kwangu wanalala mke wangu na mama yake, na mwenye kosa ni mimi ingawa hakuna anayejua.

Mimi ni kinyozi, na baba mkwe huja dukani kila mwezi kwa mlango wa nyuma, nampaka rangi nyeusi kichwani na kwenye masharubu, na aliniapisha nisimwambie mtu, hata mke wangu, kwa sababu siku moja kwenye foleni ya zahanati nesi alimuuliza, "Mzee, mgonjwa ni huyu binti yako?" na huyo binti alikuwa mama mkwe, ambaye ana wajukuu wanaoota ndevu lakini kichwani hana mvi hata moja, na tangu hapo mzee hana raha kabisa.

Sasa mwezi huu maji yalikatika nikiwa katikati ya kazi, badala ya kumsuuza nikamfuta kwa taulo kavu nikamwambia, "Tayari baba, umerudi ujanani," akaenda zake, akalala, asubuhi mama mkwe akakuta doa jeusi kwenye mto, akasema huo ni wanja wa mwanamke, mzee akanywea asiseme neno, mama akafunga mizigo akahamia kwangu, na jana nimemkuta jikoni analia juu ya sufuria ya chai ananiuliza, "Mwanangu, kwa umri huu nikaanze maisha wapi?"

Nimejaribu kutumia elimu, maana nasoma darasa la jioni na mwalimu wa maadili alitufundisha njia tatu, nikaanza na ile ya kupima matokeo, kwamba ufanye linalowafaa wengi, nikaona nikisema ukweli ataaibika mmoja na watatu tutalala vizuri, nikainuka, lakini kabla sijafika jikoni nikakumbuka ya pili, ya wajibu, kwamba ahadi ni ahadi na ujiulize ingekuwaje kila mtu akifanya kama wewe, nikaona vinyozi wote wakimwaga siri za wateja, watu wakigoma kunyolewa, dunia nzima nywele mpaka magotini, nikarudi kochini nikajaribu ya tatu, ya kujiuliza mtu mwema angefanya nini, na mtu mwema kuliko wote ninaowajua ni baba mkwe, naye amekaa kimya! Mshauri, nishike ipi?

Kinyozi wa Kochini

JIBU

Marahaba, kinyozi. Pole kwa mgongo, ingawa umejitakia. Mwalimu wako alikupa njia tatu za kutokea, wewe umezifanya uchochoro wa kujificha. Unachoogopa si kuvunja ahadi. Unaogopa mzee ajue kwamba ulilipua kazi.

Hebu tusomeshane. Ukipima matokeo, mama anayelia jikoni kwako ni mzito kuliko masharubu ya mtu. Ukifuata wajibu, uliahidi kuficha mvi, hukuahidi kuvunja ndoa. Na mtu mwema, kinyozi wangu, angemsuuza mteja.

Kwa hiyo leo funga duka uende kwa baba mkwe. Mwambie, "Baba, nisamehe, doa ni langu, sikukusuuza." Kisha mlete kwako amwambie mkewe kwa mdomo wake. Akikataa, mwambie mama wewe mwenyewe kwamba hakuna mwanamke, na kwamba doa limetoka dukani kwako. Mzee atakununia wiki mbili, mvumilie tu.

Halafu nikuulize. Kinyozi mzima unaniandikia kuhusu bibi wa wajukuu wenye ndevu asiye na mvi hata moja, wala hukushtuka? Akiinama kumimina chai, mchungulie nyuma ya masikio. Masikini wazee wa watu, kila mmoja anajipaka kwa siri akiogopa mwenzake atamwona amechakaa, na sasa wanalala nyumba mbili kwa ajili ya rangi ileile.

Wakishapatana, waketishe dukani kwako kwenye viti viwili vinavyopakana, uwahudumie wote wawili bure. Ila kabla hujashika brashi, hakikisha pipa lina maji.