Pepani ya Wongani

Lizulu, 9 Februari 2004

Mpendwa Dada Enelesi,

Halafu pale kituoni sikumaliza kukuambia, maana kondakta alikuwa anagonga mlango na wewe mguu mmoja uko ndani: Wongani ameanza kucheka tena! Ulifika Mulanje salama? Kikohozi kimepungua? Watoto wa darasa lako hawajambo? Sisi ni wazima, ukiuondoa huo mguu wa mume wangu.

Dada, nimeolewa wiki saba tu na bado nikimtazama nasahau kilichonipeleka nilikokuwa naenda. Jana nilimpelekea ugali wa nsima wodini, akanishika kidole kimoja hiki cha mwisho, akaniambia, "Mke wangu, hata nikibaki na mguu mmoja nitakushinda mbio." Nikamjibu, "Wewe ulipokuwa na miwili ilikuchukua miaka mitatu kufika kwa mjomba wangu kuleta posa!" Tulicheka mpaka mzee wa kitanda cha pili akataka tumsimulie naye.

Sasa habari yenyewe. Tumepata wakili, Bwana Kachingwe, na amekubali kulipwa baada ya kushinda. Anasema kesi ni nyepesi. Mtu yuko nje kabisa ya lami na baiskeli yake, nyuma amefunga ubao wa kichwani wa kitanda chetu, kaupiga randa mwenyewe wiki nzima. Gari linataka kulipita lori, linatoka barabarani, linamvaa. Bima ya gari lile ndiyo italipa fidia, na fidia ndiyo itatufikisha ile hospitali ya kulipia huko Blantyre, wamtoe vyuma hivi vinavyotoa usaha na kumwekea vingine. Daktari ametuambia tusivuke mwanzo wa Mei, la sivyo wataukata. Yeye seremala, Dada. Lakini siogopi. Mungu hawezi kunipa mume mzuri hivi halafu anirudishie nusu.

Na wakili ameusifu mwandiko wako! Nilimsimulia ulivyomnyang'anya afande kalamu kando ya kitanda cha Wongani: "Lete hapa, afande, Kiingereza ndicho kinachonilisha." Wongani anaeleza kwa Kichewa huku meno yanagongana, wewe unaandika maelezo yake bila kufuta hata neno moja. Afande akabaki kupiga muhuri tu.

Mdogo wako,
Tadala wa Wongani (bado raha kuliandika!)


Mulanje, 20 Februari 2004

Mdogo wangu, bibi harusi,

Barua yako imefika inanukia. Ulimwagia manukato wewe, au ndiyo jasho la huyo mumeo tunayesimuliwa? Mimi mzima, kikohozi kimekwisha. Mvua tu haituachi, chaki zote zimelowa.

Mwalimu mkuu wetu anastaafu, na nimesikia mkaguzi ametaja jina langu kwa ajili ya Kiingereza changu. Usimwambie mtu bado.

Msalimie shemeji. Mwambie maelezo yale niliandika bure, lakini akipona anichongee kabati la vitabu, lenye milango. Na wakili akihitaji lolote, niiteni. Nitapanda basi siku hiyohiyo.

Dada yako,
Enelesi


Lizulu, 22 Machi 2004

Mpendwa Dada,

Hujambo? Wanafunzi wanaendeleaje? Mimi nina afya. Wongani ana homa inayokuja jioni na kuondoka asubuhi, lakini ukimwona anavyonitabasamia utadhani anayeumwa ni mimi.

Bima wamekataa kulipa. Bwana Kachingwe alikuja wodini na nakala ya karatasi zao, akavuta kiti.

"Bwana Wongani, siku ile pale chini ulimwambia nini dereva?"

"Nilimwambia pepani."

"Kwa nini?"

"Alikuwa anatoka damu usoni, anatetemeka, analia kama mtoto. Ulitaka nimwambie nini? Hongera?"

Wakili alicheka, nikacheka na mimi. Kisha akaacha kucheka. Akasema pepani yetu ni neno moja tu. Ukimkuta mwenzio ana msiba, pepani. Ukimkanyaga mguu, pepani. Lakini Kiingereza kinazitenganisha, na kwenye maelezo haikuandikwa kwamba Wongani alimpa dereva pole. Imeandikwa kwamba alimwomba radhi. Bima wanasema aliyeomba radhi amekiri kosa. Lile lori halikusimama, na hakuna mwingine aliyeona.

Dada, usifadhaike. Sina hasira hata kidogo. Damu ilikuwa inachuruzika mpaka sakafuni, yeyote angekosea. Bwana Kachingwe anasema dawa yake ni rahisi: tarehe 19 Aprili uje mbele ya hakimu useme neno lile la Kiingereza lilikuwa lako, si la Wongani. Basi. Anasema bima wakisikia hivyo wataomba tupatane nje ya mahakama siku ileile, na Mei itatukuta tuko Blantyre.

Nimeshaanza kufikiria nitakupikia nini.

Mdogo wako,
Tadala


Mulanje, 8 Aprili 2004

Tadala,

Natumaini hamjambo. Mimi sijambo.

Nimechelewa kujibu kwa sababu ya kazi. Mkaguzi anakuja wiki hiyohiyo ya tarehe 19, kuniona mimi nikifundisha. Unanitaka nisimame mahakamani siku hiyo niseme sijui tofauti ya maneno mawili ninayowafundisha watoto wa darasa la sita? Unajua maneno yanavyosafiri. Nimefundisha miaka kumi na minne, mama yetu aliuza kuku wake wote nisome.

Niliandika nilichosikia. Labda shemeji aliomba radhi kweli. Mtu mwenye maumivu hajui anachosema.

Ninakuletea kwa dereva wa basi sabuni na dawa ya kuoshea kidonda. Jambo hilo lingine naomba usiniandikie tena.

Dada yako,
Enelesi


Lizulu, 12 Aprili 2004

Dada yangu,

Hujambo? Sabuni imefika, asante. Nilimpa Wongani sabuni, barua sikumpa. Aliinusa akasema, "Shemeji anatupenda."

Sikuandikii jambo lile. Nakuambia tu kwamba basi la saa kumi na mbili asubuhi la tarehe 18 linafika hapa alasiri. Nitakuwa kituoni.

Mdogo wako,
Tadala


Lizulu, 6 Juni 2004

Dada Enelesi,

Hujambo? Kikohozi hakijarudi na baridi hii? Mimi mzima.

Tarehe 18 nilikaa kituoni mpaka basi la mwisho. Kila lililosimama niliinuka. Muuza viazi mmoja akaniuliza, "Dada, unamsubiri mume?" Nikamwambia, "Mume ninaye. Nasubiri mwalimu."

Kesho yake wakili wa bima aliyasoma maelezo yako kwa sauti. Unaandika vizuri, Dada, hata hakimu aliinyanyua ile karatasi kuitazama. Akauliza ni nani aliyeandika. Bwana Kachingwe akasema ni mwalimu, shemeji wa huyu. "Yuko wapi?" Bwana Kachingwe akanitazama mimi. Wongani akajibu kutoka kwenye machela, "Mheshimiwa, shemeji ana kazi nyingi, pepani." Watu wakacheka. Mkalimani wa mahakama akalitafsiri, sijui alichagua lipi.

Tulishindwa.

Mguu waliukata tarehe 11 Mei, juu ya goti. Usiku ule sikulia. Nililia siku aliporudi nyumbani, akaketi kitandani na kunyoosha mkono chini ajikune unyayo ambao haupo, kisha akanitazama kwa aibu, kama niliyemkuta anaiba sukari. Dada, bado nampenda vibaya sana. Bado nasahau kilichonipeleka nilikokuwa naenda.

Nikuambie jambo moja la mahakamani. Tulipotoka, dereva yule alikuwa amesimama kando ya ukuta, kofia mkononi. Alitusogelea. Akamtazama Wongani, akanitazama mimi, akasema, "Pepani, mama."

Nikamuuliza, "Ipi?"

Akafungua mdomo. Wakili wa bima alikuwa anafungua gari lake hatua chache kutoka pale. Dereva akamtazama, akaufunga mdomo, akavaa kofia.

Nimesikia wamekupa ualimu mkuu. Hongera, na sisemi kwa uchungu. Mama angefurahi.

Ule ubao wa kitanda uliovunjika barabarani, Wongani ameupasua akachonga magongo mawili. Siku hizi anafika mpaka kisimani, watoto wanamhesabia hatua. Anataka kuja kukupimia kabati lako la vitabu. Nimemwambia pole pole, akasema neno ni neno, alikuahidi. Hajui barua yako ya Aprili. Haitoki kwangu.

Kwa hiyo tutakuja Mulanje kabla mwezi huu haujaisha, siku yoyote tutakayopata basi lenye nafasi mbele. Usihangaike kupika. Ukitufungulia mlango, mwambie tu pepani. Yeye hatakuuliza ni ipi, na mimi sitakuuliza.

Mdogo wako,
Tadala