Mwandiko Usio wa Kaka Elia

Temeke, Jumapili

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua hii uisome peke yako, na mama akiuliza mwambie binti yake anamsalimu tu. Mie na mume wangu mwili hatujambo. Nyie mu wazima? Kifua cha mama kimetulia?

Baba, naogopa hata kuandika. Unajua tangu Kaka Elia aache ualimu aende jeshini, ndiye anayewaandikia askari wake barua, maana wengi hawakusoma. Hata alipopandishwa cheo akapewa kikosi hakuacha, na wao bado humwita Mwalimu. Wanawake wa hapa ambao waume zao wako naye wakipata barua huniletea niwasomee. Nami nikiziona tu zile herufi zake, alizonifundisha kwa mkaa sakafuni, najua kaka yu hai.

Ijumaa jirani yangu Bi Zuhura akaja mbio. "Barua ya mume wangu hiyo! Soma, shoga, soma!"

Nikaifungua. Mwandiko si wa kaka. Nikaisoma kimoyomoyo kwanza.

Mumewe anasema yuko hospitali, risasi imemvunja mguu. Wenzake walirudi nyuma, yeye akabaki porini. Mwalimu akamrudia, akambeba mgongoni, na walipokaribia kambi yao Mwalimu akapigwa risasi. Wamemzika hukohuko Bama, ng'ambo wanakopigana vita.

"Mbona umenyamaza? Amekufa?"

"La, mzima. Mguu tu," nikamwambia. Mengine nikayaruka. Akapiga vigelegele mpaka majirani wakatoka.

Sijamwambia mtu, hata mume wangu. Serikali ikiandika, barua itafika kwako hapo misheni, nami nimetaka uyasikie kwangu kwanza. Tarishi akipita na baiskeli najificha ndani, ati nisipomwona basi kaka hajafa. Miaka yote ile ya chuo, baba, na vitabu vyote vile! Nina hasira naye. Kwa nini alirudi? Halafu namwona Bi Zuhura anavyocheka, naona haya.

Njoo, baba, nakuomba. Mama tutamwambiaje?

Nisalimie shangazi anayemlea mtoto wa kaka, na mchungaji wetu. Wifi yangu, mke wa kaka, usimpe salamu, atataka kujua nimeandika nini.

Leo Bi Zuhura amepika pilau ya kumshukuru Mungu. Sahani ya kwanza kaniletea mie, kwa mkono wake, akasimama mlangoni anitazame nikila. Nimeila yote, baba.

Mwanao,
Yustina