Pambano Nililomgeuzia Baba

Nyumba ya geti la bluu,
Nyuma ya kiwanda cha sabuni.
Jumapili, 21 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Najua barua njema huanza kwa kujuliana hali, na salamu zako zinakuja, lakini nikiziweka mbele nitajificha humo humo nisitoke tena. Kwa hiyo naanza na jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata Mama: nilimdanganya Baba. Nilimdanganya kuhusu katuni, na kwa juma zima niliamini kwamba uongo wangu ndio unaompeleka kwenye kisu cha daktari.

Haya, nimeshaandika. Sasa nipumue, nikusalimu.

Mgongo unaendeleaje? Mama alisema hotelini kwenu mmeletewa mashine mpya za kufulia mashuka, na kwamba sasa huinami sana. Nimefurahi. Mapacha wameota meno mangapi? Sisi huku tu wazima. Mtihani wa mwisho nimeumaliza, nasubiri matokeo, na nyumbani bado naitwa Mnong'ono, kwa sababu ile ile unayoijua, sauti yangu ndogo. Nakuandikia kwa kalamu kwa kuwa simu ya hapa ni ya wote, na Mama hajaacha tabia yake ya kuweka kila ujumbe spika mpaka jirani wa ukuta wa pili anajibu yeye.

Habari za jicho la Baba unazijua nusu. La kulia liliharibiwa na kipande cha chuma kilichoruka kwenye grainda mwaka ule uliposafiri kwenda huko. La kushoto likaingiwa na mtoto wa jicho, na hadi kufikia mwaka huu alikuwa anaona mwanga na vivuli tu. Karakana hakuiacha. Alikaa kwenye kiti chake akichambua misumari na bawaba kwa vidole, akiwaelekeza wengine kuchomelea kwa kusikiliza tu moto unavyotatarika.

Madaktari wa macho huja hospitali yetu mara moja kwa mwaka. Mwaka jana Baba aliandikishwa, siku ikafika, akasema ana mafua. Mama alipombana kwa maneno, akamjibu kwa upole, "Mama watoto, hili ndilo lililobaki. Wakilikosea, mimi nimekwisha." Tangu hapo hakuna aliyethubutu kulitaja.

Sasa nikueleze hiyo katuni, maana bila hiyo hutaelewa kosa langu.

Rafiki yake Baba wa karakana, yule mzee anayepaka mageti rangi na ambaye wote tunamwita Rangi, ana miaka hamsini na mitatu na anapenda katuni kuliko watoto wake. Ndiye aliyeniletea flashi yenye katuni ndefu ya maharamia. Kuna nahodha mgonjwa, mpishi mwoga, na mpiga upanga mmoja ambaye haongei. Jina lake halitamkiki, kwa hiyo mimi na Rangi tukampa la kwetu, Mkimya. Pengine unadhani nilimpenda kwa sababu ya hilo. Ni kweli.

Wahusika wanaongea lugha ya kwao na maandishi ya chini yanapita mbio. Nilikuwa nikiangalia sebuleni peke yangu, Baba amekaa nyuma akilalamika. "Hizo si panga. Hizo ni sufuria zinagombana." Siku moja akauliza, "Nini hicho kimekatika?" Nikamjibu, "Kamba." Akauliza, "Ya nini?" Shangazi, nilifungua mdomo kumjibu, na nilipokuja kuufunga nusu saa ilikuwa imepita.

Lilikuwa pambano la ubao. Meli mbili zimeunganishwa kwa ubao mmoja mwembamba, na wenzake Mkimya wanamvusha nahodha aliye hoi kwa homa. Maadui arobaini wanakuja nyuma yao. Mkimya anasimama katikati ya ubao, hasogei mbele wala harudi nyuma, na kwa kuwa pale anapita mtu mmoja mmoja, anawapokea mmoja mmoja. Na hamuui hata mmoja. Anawakata mikanda! Wanatumbukia baharini wameshikilia suruali. Nilipofika hapo Baba alicheka mpaka akashika kiti. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu mafua yale ya mwaka jana.

Kuanzia hapo ikawa kila siku baada ya chai ya jioni. Baba anakaa, mimi nasimama, kwa sababu pambano la panga halisimuliwi umekaa.

Pambano la mnyororo lilituletea ugomvi. Meli inavutwa kuelekea mwambani, na Mkimya anaukata mnyororo wa nanga kwa pigo moja. Mimi niliona ni jambo kubwa sana, nywele zilinisimama. Baba akasema, "Simamisha." Kesho yake karakana nzima ilikuwa inabishana.

"Haukatiki," akasema Baba. "Hata huo upanga ungenolewa na nani."

"Mzee, ni katuni!" Rangi akamwambia.

"Hata katuni iheshimu chuma."

"Basi tuseme mnyororo ulikuwa na kutu."

"Kutu wapi? Umeiona kutu wewe?" Walikwenda hivyo siku mbili, na geti la mteja likachelewa kupakwa rangi. Mwishowe Baba alikubali kwamba labda kulikuwa na pete moja iliyochomelewa vibaya, na kwamba Mkimya, kwa kuwa ni mtu wa kutulia, aliiona.

Ninalolipenda mimi kuliko yote ni la moshi. Maadui wanajaza sitaha moshi mweusi, hakuna anayeona mkono wake. Wenzake wanapiga ovyo. Mkimya anasimama, anauweka mgongo wa upanga juu ya kamba ya tanga iliyokazwa, na anasikiliza kwa kiganja. Mtu akikanyaga sitaha, kamba inatetemeka kidogo. Kwa mtetemo huo anajua yuko wapi, mzito au mwepesi, anakuja au anakimbia. Nilipomaliza, Baba aliweka kiganja chake juu ya meza. Kisha akasema, "Huyo ni fundi."

Shangazi, niliona wazi kilichokuwa kinatokea. Baba alikuwa amemchukua Mkimya akamweka ndani yake. Akijikwaa kwenye kizingiti husema, "Mkimya naye aliteleza." Na tarehe ya madaktari ilikuwa inakaribia.

Ndipo Jumanne ile tukafika kwenye pambano na mwalimu wake.

Ni mzee mdogo wa mwili, mwenye upanga mfupi mzito. Ndiye aliyemfundisha Mkimya, na sasa yuko upande wa maadui. Wanakutana kwenye meli iliyozama nusu, sitaha imelala upande, maji yanawafika vifundoni. Mkimya alikuwa ameapa kwamba akishindwa na mtu huyu hatashika upanga tena. Nilisimulia kila pigo. Nilisahau kwamba nina aibu. Nilikuwa nainama, naruka, nakwepa meza; nilirusha mkono nikavunja glasi, Mama akaja kuokota vipande akimweleza Baba, nami sikusimama. Halafu mzee yule akageuza kiwiko mara moja tu, na upanga wa Mkimya ukamtoka mkononi, ukaruka, ukaanguka sitahani. Akapiga magoti majini. Mwalimu wake akamwangalia, akamwacha hai, akaondoka.

Nilimtazama Baba. Ameinama mbele, mikono magotini, uso wote unasubiri. "Ehe?" akasema. "Imekuwaje?"

Nikasema, "Ameshinda."

Sijui ilitoka wapi. Na uongo ukishatoka lazima uuvishe nguo, kwa hiyo nikaendelea. Nikasema Mkimya aliingia chini ya mkono wa mzee, akampokonya, akamnyooshea ncha kooni, akamsamehe. Wakati huo kwenye runinga Mkimya wa kweli alikuwa bado amepiga magoti.

Baba akaegemea kiti. Akasema, "Kesho nipeleke hospitali nikaandikishe jina."

Mama aliliangusha sinia jikoni. Yeye alilia kwa furaha, nami nililia pia, akadhani tunalia kitu kimoja.

Juma lile sikuwa mtu. Nilijiambia, akienda na jicho likaharibika, ni mimi niliyempeleka kwa ushindi ambao haukuwepo. Nikimwambia ukweli naye akakataa, basi atabaki na vivuli, na hilo nalo ni mimi. Kisha nikamkumbuka Rangi. Rangi aliiona katuni yote kabla yetu! Ingetosha aseme neno moja tu katikati ya maongezi yao. Jumanne iliyofuata, zikiwa zimebaki siku mbili tu, nilibeba chupa ya chai nikaenda karakana kumwomba Rangi pembeni anyamaze.

Nilichelewa. Nilipofika nyuma ya mabati yaliyoegemezwa ukutani, nilimsikia akiuliza, "Mzee, mmefika wapi? Lile la mwalimu wake mmeshaliona?"

"Tumeliona," Baba akajibu. "Ameshinda."

"Ameshinda nani? Mzee, yule jamaa alichapwa! Alichapwa mpaka mimi nikazima."

"Najua."

Nilikumbatia ile chupa ya chai kama mtoto.

"Unajua vipi?"

"Rangi, mimi nimepiga chuma miaka thelathini. Upanga wa Mkimya una mlio mwembamba, wa yule mzee ni mzito. Ulioanguka ni mwembamba. Kisha muziki ukanyamaza. Kisha mtoto akaniambia ameshinda."

"Na wewe ukakubali tu?"

"Ulitaka nifanyeje? Mtoto huyu tangu azaliwe nampata kwa vipande, neno leo, neno keshokutwa. Jumanne ile amesimama katikati ya sebule anapiga kelele kama kuli! Nimkatize?"

Rangi akacheka. "Sasa kama unajua jamaa alichapwa, ujasiri wa kwenda kupasuliwa umeutoa wapi?"

"Ujasiri gani? Naogopa. Naogopa mpaka magoti." Nikasikia misumari ikidondoka koponi mmoja mmoja. "Alivunja glasi siku ile, amerusha mkono. Mama yake ndiye aliyeniambia. Nikasema, kumbe mimi nimegeuzia masikio runinga, na pambano lenyewe liko hapa mbele yangu silioni. Nataka nimwone anavyofanya. Mara moja tu, basi."

"Haya."

"Na wewe ukimwambia kwamba najua, hiyo brashi utaitafuna."

Nilirudi nyuma hatua kwa hatua mpaka barabarani. Nikafuta uso kwa kanga, nikaingia upya nikikohoa.

"Nani huyo anakohoa kama trekta?" Baba akauliza.

"Ni mimi, Baba. Nimeleta chai."

"Aa, Mnong'ono. Karibu, mama." Rangi alikuwa anachunguza brashi yake kwa makini kama hajawahi kuiona.

Alhamisi alikwenda. Mama alimshika mkono wa kulia na mimi wa kushoto. Mlangoni alisimama. Nilidhani atasema mafua. Alivuta pumzi, akaingia. Walimfanyia kwa ganzi, haikuchukua muda. Ijumaa asubuhi walimfungua bandeji, na muuguzi akainua vidole vitatu. Baba akasema, "Vitatu, na pete yako inataka kukazwa." Mama alikaa chini pale pale kwenye sakafu.

Haoni kama zamani bado. Kuna ukungu kidogo, na anatiwa dawa ya matone mara nne kwa siku. Lakini anaona, Shangazi. Amelikagua geti la bluu, akasema nani alilipaka vibaya hivi.

Jana baada ya chai akaniambia, "Weka lile la mwalimu wake. Nataka kulirudia."

Niliweka flashi, mkono ukikosea tundu mara mbili. Meli iliyozama nusu ikatokea. Ndipo Baba alipoinuka, akakigeuza kiti chake, akakaa akiwa ameipa runinga mgongo, ananitazama mimi.

"Mwanga wa runinga bado unaliumiza jicho," akasema. "Simulia."

Nikasimulia. Niliinama, niliruka, nilikwepa meza, na mara hii glasi zilikuwa zimeshaondolewa. Jicho lake moja halikuniacha. Nyuma yake yule mzee akageuza kiwiko, na upanga ukaanguka sitahani, sauti nyembamba, kila mtu ndani ya nyumba aliisikia.

"Ehe?" akasema Baba. "Imekuwaje?"

"Ameshinda," nikasema.

"Nilijua tu," akasema.

Shangazi, hayo ndiyo yaliyokuwa yamenijaa. Mama anakusalimu sana na anauliza kama kile kitambaa kilikutosha. Rangi naye anakusalimu ingawa hakujui. Msalimie Mjomba, na uwabusu mapacha, kila mmoja kwa zamu yake wasinuniane. Mungu akulindie mgongo, na akurahisishie kila unachokishika.

Nakuomba sana, barua hii ikae kwako peke yako. Baba hajui kwamba nilikuwa nyuma ya yale mabati, na sitaki ajue. Atakupigia simu wiki hii, na najua hatamaliza dakika mbili kabla ya kukuambia kwamba Mkimya alimshinda mwalimu wake. Tafadhali shangaa. Muulize alimshindaje.

Wako akupendaye, hata kama ni kwa sauti ndogo,

Mnong'ono.